Lori Linapinduka, Linayumba, Linavunjika: Usikimbilie Chesisi Kwanza

Ujumbe huwa ni uleule. Picha ya lori la rimoti limelala ubavu, na chini yake: "Kaka, chesisi gani kali ninunue?" Jibu langu nalo ni lilelile. Lilipinduka kona ya kulia au ya kushoto? Ulikuwa umevuta triga ya rimoti (ndiyo inayoongeza mwendo) au umeachia? Limeanza leo, au tangu ulipobadilisha tairi? Wengi hawana jibu, na asiye na majibu ya hayo hajafika bado kwenye kununua chesisi.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimeshanunua chesisi mbili nisizozihitaji. Huku kwetu Dar huendi dukani ukachagua. Unaagiza nje, unalipia usafiri, unalipia ushuru, unasubiri wiki kadhaa, unaifunga usiku kucha, halafu Jumapili lori linapinduka palepale lilipozoea kupinduka. Kwa pesa hiyo ungepata tairi za mbele na nyuma, chupa kadhaa za oili ya shokapu na beringi za lori zima, na chenji ya soda ingebaki.

Mifano nitaichukua kwenye Traxxas Slash inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, kipimo cha 1/10, maana ndiyo lori ambalo wengi wameanzia. Ilitoka Marekani mwaka 2008, ikiiga malori halisi yanayoshindana kwenye sakiti fupi za udongo kule: bodi pana inayofunika tairi, bampa kubwa, upana wa kama milimita 296 kutoka tairi hadi tairi. Ndani, mota imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Chesisi ya awali ni beseni la plastiki lililonyanyuliwa juu ya ardhi, na betri imepanda nalo. Mwinuko huo unakusaidia kwenye nyasi na mawe, unakuadhibu kwenye kona. Ndiyo maana kiwanda chenyewe kinauza chesisi nyingine inayoshusha kitovu cha uzito, ambayo wachezaji wote huiita LCG, na makampuni mengine yana za kwao za plastiki, aluminiamu na kaboni. Kama lori lako ni la aina nyingine usiondoke. Dalili hazijali jina lililoandikwa kwenye bodi.

Anzia mezani

Vua bodi, toa betri, weka lori mezani. Shika kila gurudumu ulitikise kama fundi wa gari anavyotafuta boljointi iliyokufa. Ukisikia kacha-kacha, beringi au pini ya amu imekula. (Amu ni ule mkono unaobeba gurudumu na kupanda na kushuka, nitautaja sana.) Zungusha kila gurudumu kwa kidole: likikwaruza, beringi imeingia vumbi, na kwa sisi tulio karibu na bahari huenda imeshika kutu. Kisha chomoa shokapu zote nne upande wa chini, ziachie zining'inie. Inua kila amu uiachie. Inatakiwa ianguke yenyewe kwa uzito wake. Ikibaki hewani kama mkono wa askari wa trafiki, pini imepinda au vumbi limeganda kwenye tundu, na hakuna chesisi duniani itakayoliponya hilo.

Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Nimeona watu wakiikwepa kwa miezi.

Lori linapinduka kwenye kona

Hii ndiyo dalili inayouza chesisi kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo.

Swali la kwanza: linapinduka kwenye udongo mkavu unaoteleza, au kwenye zulia, lami na udongo ulioshindiliwa ukang'aa? Kwenye udongo mlegevu lori zuri huteleza kabla ya kupinduka. Likipinduka hapo, kuna kitu kinalikwaza: tairi inaingia kwenye shimo, bampa inachimba, au bodi inagusa tairi lori linapoinama. Angalia alama nyeusi ndani ya bodi, juu ya tairi. Ukiziona, tatizo umelikamata. Panua tundu la tairi kwa mkasi wa bodi au pandisha bodi tundu moja kwenye vishikio vyake. Gharama yake ni sifuri.

Kwenye uso unaoshika sana mambo ni tofauti. Hapo tairi ya nje inang'ang'ania, kitovu cha uzito kinaendelea na safari, lori linageuka juu chini. Wachezaji wa Marekani na Ulaya wana dawa ya bei ya gundi: wanapaka supaglu mstari mwembamba kwenye ubavu wa nje wa tairi za mbele. Gundi ikikauka, ubavu unakuwa mgumu na wa kuteleza, hivyo lori linapoinama tairi inateleza badala ya kung'ata. Anza na mbele tu. Ukipaka nyuma pia, jiandae kwa mkia mwepesi.

Swali la pili: shokapu. Dogo mmoja alinifuata uwanjani, lori mkononi.

"Kaka, hii chesisi imekufa. Kila kona linalala."

"Haijafa. Nipe alenki."

Tulichomoa shokapu za mbele. Moja ilisukumika kwa upinzani laini kama sindano yenye dawa. Ya pili ilishuka ghafla nusu ya njia, kisha ikagonga. Ndani yalikuwa mapovu matupu, oili ilishavuja kupitia oringi ya chini na kutengeneza tope jeusi kwenye amu. Upande mmoja wa lori ulikuwa na shokapu, upande wa pili ulikuwa na springi peke yake. Tulijaza, tukaipampu polepole mpaka mapovu yakapanda juu, tukafunga kofia huku oili ikibubujika kidogo. Kona ileile, triga ileile, halikulala. Kijana alikuwa ameshamlipa mtu nusu ya bei ya chesisi.

Kuhusu uzito wa oili: Slash hutoka na oili ya silikoni ya 30. Kumbuka kwamba oili inapopata joto inakuwa nyepesi, na lori lililoanikwa saa nane mchana kwenye udongo wa Dar si lori lililopimwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Huku mimi huanzia 35, na 40 siku za jua kali. Kama bado linainama mno, hamisha mguu wa chini wa shokapu kwenye tundu la nje zaidi la amu. Shokapu inapata nguvu zaidi juu ya amu, na lori linakuwa gumu kuinama bila kununua springi mpya.

Swali la tatu ni betri. Betri ya zamani ya seli saba za nikeli hukaribia nusu kilo, maana kila seli ya ukubwa ule ina gramu kama 60. Betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli mbili, ya kasha gumu, huwa na kama gramu 300 au pungufu. Umetoa gramu mia na ushee kutoka juu ya lori hata hujagusa skrubu ya chesisi. Ila hakikisha kidhibiti mwendo chako kina ulinzi wa lipo na umeuwasha, chaja ni ya lipo, na huchaji ukiwa umelala.

Ukifika hapa, tairi nzima, shokapu zimejaa, bodi haigusi, betri ni nyepesi, na bado lori linapinduka kwenye uwanja laini, sasa naam. Hii ndiyo kazi ya chesisi ya LCG, na inaifanya vizuri. Inashusha betri na vifaa vya umeme karibu na ardhi, na tofauti utaiona mzunguko wa kwanza. Masharti ni kwamba uwanja wako uwe laini. Ukicheza kwenye majani, mizizi na mawe ya matumbawe, umenunua jembe. Tumbo la lori litakwaruza kila tuta, na lori linalokalia tumbo halina usukani wala breki.

Linakata kona ya kushoto vizuri, ya kulia linakataa

Dalili hii inanifurahisha kuliko zote kwa sababu karibu kila mtu huilaumu rimoti. Anacheza na kitufe cha kusawazisha usukani mpaka lori linakwenda moja kwa moja, lakini ukivuta triga kwa nguvu linachepuka upande, na ukifunga breki linachepuka upande wa pili. Hiyo ni chesisi iliyojinyonga, au kitu kinacholifanya lori liamini kwamba imejinyonga.

Pima hivi. Lori likiwa na betri na bodi, liweke kwenye kioo cha dirisha au kigae kilichonyooka. Libonyeze chini mara mbili tatu ili likae. Chukua bisibisi nyembamba, weka ncha chini ya katikati kabisa ya bampa ya mbele, inua taratibu sana ukiwa umeinamisha macho usawa wa tairi. Tairi zote mbili za mbele zinatakiwa ziachane na kioo kwa pamoja. Moja ikitangulia, nyingine imebeba mzigo mkubwa zaidi. Rudia nyuma. Nyuma ndiko kwenye uongo mwingi, maana watu hupima mbele peke yake.

Sababu nyepesi kwanza: spesa za springi. Hesabu zile plastiki ndogo zinazokaza springi kushoto na kulia. Utashangaa mara ngapi upande mmoja una mbili na mwingine tatu kwa sababu moja ilipotea kwenye mchanga. Pili, urefu wa shokapu. Zitoe, zilaze pamoja, zivute mwisho. Kichwa cha moja kikiwa kimefungwa mizunguko miwili zaidi, gurudumu hilo halishuki sawa na mwenzake. Tatu, shokapu inayonata kwa sababu shimo la kichwa lina mchanga.

Hayo yote yakiwa safi, rudi kwenye kioo. Vua magurudumu na shokapu, laza chesisi tupu kwenye kioo, piga tochi kutoka nyuma. Mwanga ukipenya kona moja, imepinda. Chesisi ya vipande viwili au ya kaboni yenye mhimili wa juu usiitupe bado: legeza skrubu zote za mhimili na za minara ya shokapu, ikandamize kwenye kioo, kisha kaza kidogo kidogo kwa mtindo wa msalaba, kama unavyofunga nati za gurudumu la gari. Mara nyingi upindo wote ulikuwa kwenye skrubu. Beseni la plastiki likiwa limepinda kweli, hilo halinyooki. Utalipasha moto, utalikandamiza kwa matofali, litanyooka mpaka kesho asubuhi.

Hapo kubadilisha chesisi ni haki yako.

Pua inateleza nje, lori halitaki kugeuka

Lori lenye mota nyuma ya ekseli limebeba uzito mgongoni. Ukivuta triga katikati ya kona, pua inanyanyuka na tairi za mbele zinabaki zinapapasa. Ndiyo tabia ya mpangilio huo, na sehemu kubwa ya dawa iko kwenye kidole chako: ingia kona umeachia, geuza, kisha vuta.

Kama kidole hakina hatia, shika tairi za mbele lori likiwa limewashwa, geuza usukani kwenye rimoti na uzuie tairi kwa mkono. Ukiona mkono wa sevo (ile mota ndogo inayogeuza usukani) unageuka lakini tairi hazisogei, springi ya kulinda sevo imelegea. Ile springi ipo ili meno ya sevo yasivunjike unapogonga tairi ya ukutani, lakini ikiwa laini mno, kwenye kona ya kasi tairi zinamshinda sevo na lori linakwenda litakako. Badilisha hiyo. Angalia pia mikono ya usukani ya plastiki: ikiwa inazunguka kwenye plastiki tupu bila beringi, mchezo wa milimita moja pale unakuwa digrii kadhaa kwenye tairi.

Baada ya hapo, lainisha springi za mbele au kaza za nyuma, jaribu tairi za mbele zenye mistari ya kuzunguka, na punguza kushuka kwa magurudumu ya mbele ili pua isinyanyuke sana. Chesisi inayosogeza betri mbele inasaidia pia, lakini uzito unaoupeleka mbele umeutoa nyuma, na tunakuja huko.

Mkia unachomoka

Tairi za nyuma zimeisha. Ni hivyo tu, mara nyingi. Tairi ya lori dogo huisha kona za ndani kwanza, na ukiitazama kwa juu utadhani bado mpya.

Kama tairi ni nzima, legeza slipa, ile klachi inayoteleza kidogo ili kupunguza mkupuo wa mota. Kaza nati yake mpaka springi ikandamizike kabisa, kisha rudisha kati ya nusu mzunguko na mzunguko mmoja. Slipa iliyokazwa mwisho inapeleka nguvu zote za mota kwenye tairi kwa mkupuo, na kama umefunga mota isiyo na brashi hilo utaliona haraka. Halafu ona kama magurudumu ya nyuma yameelekeza pua zake ndani kidogo, kwa digrii moja au mbili. Yakitazama mbele wima kabisa, mkia hautulii. Na kama tatizo limeanza siku uliyofunga chesisi mpya, jibu umeshalipata kwenye sehemu iliyotangulia: betri imesogea mbele. Irudishe nyuma kwa kipande cha sponji, nyingi zina nafasi hiyo.

Linaruka, pua inakwenda mbinguni

Si chesisi. Bodi ya lori la sakiti fupi ni parashuti. Hewa inaingia chini yake na haina pa kutokea. Wachezaji hutoboa matundu upande wa nyuma na kwenye ubavu, na bodi nyingi za mbio huja na alama za kukata. Na hewani, kumbuka, triga inanyanyua pua na breki inaishusha. Jifunze hilo kabla ya kununua chochote.

Kila wiki kuna kitu kimevunjika

Hapa niliumia, ngoja nisimulie.

Nilichoka kuvunja amu za mbele. Nikaagiza seti nzima ya aluminiamu, ya buluu, inang'aa kama bakora ya bwana harusi: amu, viti vya amu, vishikio vya gurudumu. Wauzaji sitawataja, na kosa halikuwa lao. Wiki ya kwanza sikuvunja kitu, nikajisifu. Wiki ya pili niliingia kona ya mwisho kwa kasi nikagonga tairi la gari tulilolizika kama ukuta. Amu haikuvunjika. Haikukwaruzika hata. Nilipoinua lori, mbele yote ilining'inia kwa nyaya za sevo: chesisi ilipasuka kuanzia tundu la skrubu mpaka ukingoni, na kile kipande kilibaki kimefungwa imara kwenye aluminiamu yangu ya buluu.

Pigo haliyeyuki. Likikataliwa na amu, litapokewa na kiti cha amu. Likikataliwa hapo, litapokewa na chesisi, na chesisi ndiyo sehemu ya bei na ya kazi kuliko zote kubadilisha. Amu ya plastiki inayovunjika ni fyuzi. Unataka fyuzi yako iwe kitu unachoweza kubadilisha kwa skrubu mbili, ukiwa umekaa kwenye ndoo, kabla raundi ijayo haijaanza.

Kwa hiyo mpangilio wangu sasa ni huu. Amu na bampa: plastiki inayonyumbuka. RPM ya Marekani imejijengea jina kwa amu za nailoni nzito zinazopinda na kurudi. Ukiwa na amu za nailoni za kawaida, zichemshe kwenye maji dakika kumi na tano hadi ishirini; nailoni hunywa maji na kuwa na ustahimilivu zaidi kuliko ikiwa kavu. Mke wangu hakupenda sufuria iliyotumika, tafuta ya kwako. Aluminiamu naiweka mahali ambapo plastiki inakula polepole badala ya kuvunjika kwa pigo: vishikio vya ekseli za nyuma, mikono ya usukani yenye beringi, na bati la kushikia mota, ambalo linafaidika pia kwa kupoteza joto. Kumbuka vilevile kwamba aluminiamu huweza kupinda kidogo sana bila kukuonyesha. Amu ya plastiki ama nzima ama imevunjika. Amu ya aluminiamu iliyopinda digrii moja itakutesa miezi mitatu ukitafuta kwa nini lori linavuta kulia.

Chesisi yenyewe imepasuka, sasa ninunue ipi?

Kwanza itazame ilipopasukia. Ikiwa ni mbele, kwenye skrubu za viti vya amu, ama una aluminiamu nyingi mbele kama mimi, ama bampa yako ni fupi. Bampa ndefu na laini ingeokoa chesisi. Ikiwa ni nyuma, mahali gia boksi inapoketi, huenda unatua mirukoni kwa mkia na shokapu zako zinagonga mwisho. Ikiwa ni katikati, ubavuni mwa betri, umekuwa ukiikandamiza betri ambayo si saizi yake. Ukinunua mpya bila kujua hili, utapasua mpya palepale.

Plastiki ya LCG ndiyo ninayompa mtu yeyote anayeniuliza bila kunieleza zaidi. Inanyumbuka kidogo, na kwenye udongo wenye mashimo huko kunyumbuka kunafanya kazi ya shokapu ya tano.

Kaboni ni ya mtu mwenye uwanja uliopangwa, zulia au udongo ulioshindiliwa, anayetaka kila badiliko la springi lisikike. Hainyumbuki, na hivyo inakwambia ukweli kuhusu mipangilio yako. Ila ukiigonga vibaya inachanika matabaka. Kabla ya kuifunga, sugua kingo zake kwa msasa wa maji, ukiwa umevaa barakoa kwa sababu vumbi lake linawasha na si la kuvuta, kisha pitisha supaglu nyembamba kwenye kingo zote. Gundi inaingia kati ya matabaka na kuyashika. Kingo mbichi za kaboni hukata pia nyaya za umeme kama wembe, polepole, kila mtikisiko.

Chesisi nzima ya aluminiamu kwa lori la mbio sijawahi kuona sababu yake. Ni nzito, inapinda na inabaki imepinda. Kwa lori la kuonyesha kabatini, sawa, inapendeza.

Umeifunga, na sasa kuna matatizo mapya

Betri haiingii. Hili hutokea zaidi ya yote na lilikuwa linaepukika kwa rula. Betri za fimbo zenye kasha gumu, za vipimo vya mbio, zina urefu wa hadi milimita 139, upana 47, kimo 25. Nyingine ni nyembamba zaidi, na ile ya seli saba ya zamani ina seli moja imepanda mgongoni kama nundu ya ng'ombe. Chesisi nyingi za chini haziipokei. Pima yako kabla ya kuagiza, pamoja na mahali waya zinapotokea, kwa sababu waya zikitokea upande wa ukuta umekwama. Usikate chesisi ili betri iingie, na usiisukume kwa nguvu. Lipo iliyominywa ni moto unaosubiri.

Rimoti inapoteza mawasiliano lori likiwa mbali. Umehamisha kipokezi, antena imelala juu ya kaboni au aluminiamu. Vyote vinapitisha umeme na vinaziba mawimbi. Isimamishe kwenye kijiti cha plastiki, na ile ncha ya waya iliyo wazi mwishoni iwe juu ya kila kitu.

Skrubu zinalegea zenyewe. Skrubu za chuma kwenye chuma zinahitaji tone la gundi ya nyuzi, ile ya buluu inayofunguka kwa alenki. Kwenye plastiki usiitie: haina kazi pale, na baadhi ya plastiki inazipasua. Zile za plastiki, unapozirudisha, zungusha kwanza kinyume mpaka usikie klik kidogo, hapo nyuzi zimekutana na njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukikata njia mpya kila mara, tundu litakuwa pana na hutaliamini tena.

Shafti za nyuma zinalia unapoinua lori. Chesisi imeshuka, lakini shokapu zako bado ni ndefu za zamani, hivyo amu zinaning'inia mno na shafti zinafanya kazi kwenye pembe kali. Weka kipande kidogo cha mrija ndani ya shokapu, kwenye fimbo, chini ya pistoni, ili gurudumu lisishuke kupita kiasi. Kisha weka urefu wa lori: likiwa na betri na bodi, liangushe kutoka kimo cha sentimita kumi na tano, likitulia shafti za nyuma ziwe karibu usawa na ardhi. Mbele, amu za chini ziwe usawa pia.

Mota inapata moto kuliko zamani. Angalia pengo la pinioni (gia ndogo ya mota) na gia kubwa. Ulipohamisha vitu huenda uliligusa bati la mota bila kujua. Pitisha kipande cha karatasi ya daftari katikati ya meno, sukuma mota mpaka karatasi ibanwe, kaza, zungusha gia ili karatasi itoke. Itoke ikiwa na mikunjo bila kuchanika. Ikichanika, meno yamebana. Rudia, kwa karatasi mpya.